Salamu za Pasaka, na Kumbukumbu ya Ireland

Ndugu wasomaji, nawatakieni Pasaka njema pamoja na jamaa zenu. Wakati makanisa yakiimba ufufuo, nimeona vyema tuitafakari Ireland, nchi ambayo siasa zake zimefungamana na sikukuu hii kuliko nchi nyingine yoyote niijuayo.

Jumatatu ya Pasaka, tarehe 24 Aprili 1916, Ireland ikiwa bado chini ya Uingereza, Patrick Pearse, kiongozi wa waasi, alisimama mbele ya Posta Kuu ya Dublin akasoma tangazo la jamhuri. Uasi huo ulizimwa ndani ya juma moja, na wakazi wengi wa jiji waliuona kuwa balaa tupu. Lakini Waingereza walipowapiga risasi viongozi wake mwezi Mei, akiwemo James Connolly, ambaye kwa majeraha yake ilibidi aketishwe kitini ili auawe, mioyo ya watu iligeuka. Katika uchaguzi wa Desemba 1918 Sinn Féin, chama kilichotaka jamhuri huru, ilinyakua viti 73 kati ya 105 vya Ireland katika bunge la London, na chama kilichokuwa kimedai utawala wa ndani kwa njia ya bunge hilo kikafagiliwa mbali.

Waliokufa walibaki mashujaa. Walionusurika ndio waliotakiwa kuongoza. Éamon de Valera, mmoja wao, aliukataa mkataba wa 1921 na Uingereza, ambao haukuleta jamhuri kamili, waliokuwa wenzi wakapigana wenyewe kwa wenyewe, na Michael Collins, aliyeutia sahihi mkataba huo, akauawa Agosti 1922. Hata hivyo, mwaka 1926 de Valera huyo huyo alianzisha chama cha Fianna Fáil, na mwaka uliofuata akaingia katika bunge alilokuwa akilikana. Wapo waliomwita kigeugeu, nami nasema heri kigeugeu wa namna hiyo.

Huko Ireland ya Kaskazini, sehemu iliyobaki chini ya Uingereza, mwanasiasa John Hume wa Derry alishikilia kwa miaka mingi kwamba kilichogawanyika ni watu, si ardhi, akazungumza na Gerry Adams, kiongozi wa Sinn Féin, huku akilaumiwa vikali. Mkataba wa amani ulipatikana Belfast siku ya Ijumaa Kuu, 10 Aprili 1998, ukikubali kwamba Ireland haitaungana bila ridhaa ya wengi wa Kaskazini. Bertie Ahern, waziri mkuu wa Ireland, alimzika mama yake Jumatano ya juma hilo, akarudi kwenye mazungumzo siku iyo hiyo.

Februari 2024, Michelle O'Neill wa Sinn Féin akawa mtetezi wa kwanza wa umoja wa Ireland kushika wadhifa wa Waziri Kiongozi wa Kaskazini, eneo ambalo mipaka yake ilichorwa ili upande wa O'Neill usipate wingi.