Barua ya wazi kwa Waziri wa Maliasili na Utalii: simba wa Ruaha wavishwe kola, na sisi tupewe taarifa

Mheshimiwa Waziri, shikamoo.

Mi ni mfugaji wa tarafa ya Idodi, Iringa, njia ya kwenda lango la Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Hifadhi haina uzio, na utaizungushiaje uzio wakati tangu iongezewe eneo la Usangu mwaka 2008 ina kama kilomita za mraba 20,000, kwahiyo simba akiamua kuja kwetu anakuja tu.

Mwaka jana mwezi wa pili alikuja, nyasi ndefu, mvua imekolea. Saa nane usiku mbwa wakabweka mara moja wakanyamaza, ng'ombe wakavunja zizi la miiba wakatawanyika, asubuhi nikamkuta mtamba wangu kando ya korongo, ana mimba, tumbo limeshafunguliwa. Nikaripoti ofisi moja, nikajaza fomu ya kifuta jasho, ile pesa ya serikali ya kupoza hasara ya wanyamapori, nikaambiwa nisubiri. Vijana hawakusubiri, wakatia sumu kwenye mzoga. Siku ya pili tukakuta fisi wawili wamekufa na tumbusi wengi, mmoja bado bawa linapigapiga chini, sitasahau ile sauti. Simba mwenyewe hatukumwona.

Mheshimiwa, njia ipo. Jike mmoja wa kundi akipigwa sindano ya usingizi akavishwa kola ya GPS, kola inatuma alipo kupitia setilaiti, na majike huwa wanatembea karibu karibu kwahiyo ukimjua mmoja mara nyingi unakuwa umejua na wenzake wako wapi. Watafiti wanaifanya hii kazi. Ninachoomba zile nukta za kwenye ramani zisiishie kwenye kompyuta, TAWIRI (taasisi ya utafiti wa wanyamapori) na TANAPA (shirika la hifadhi za taifa) wavishe kola simba wanaopenda kutoka huku Idodi na Pawaga, alafu kila kijiji kiwe na skauti wawili wanaopigiwa simu simba wakisogea. Wawe wawili tu na wawe wa kuaminika, maana jangili nae ana simu. Mi nikiambiwa saa kumi na mbili jioni nawasha moto, naingiza ndama ndani, namwamsha na jirani, basi, hakuna atakaetafuta sumu.

Na mbwa mwitu msiwasahau, duniani wamebaki wachache kuliko hata simba, na huku Ruaha bado tunao.

Mvua zinarudi mwezi wa kumi na mbili. Naomba hao skauti wawe wameshachaguliwa. Mi zizi langu nimeanza kulizungushia waya, nimefika nusu, nitamalizia nikiuza dume.

Mfugaji, Idodi