Maji yakishachemka punguzeni moto jamani

Mhariri, naomba kanafasi kidogo. Hapa Kampala makaa yamepanda bei mpaka inauma, lakini mama jirani yangu akipika maharagwe anajaza sigiri mpaka juu, sufuria haina mfuniko, maji yanarukaruka, eti ndio yanaiva haraka. Wapi! Maji yakishaanza kuchemka joto lake halipandi tena, na sisi kwa vile tuko juu, kama mita 1,200 hivi, yanachemka kwenye nyuzi 96 tu, si 100. Moto wote wa ziada unaishia kwenye mvuke basi, na mvuke unakula kweli kweli: kupasha lita moja toka nyuzi 20 mpaka ichemke ni kama kilojuli 320 (kilojuli ni kipimo cha nishati), kuikausha yote ni kama 2,260, yaani mara saba! Barafu nayo hivyo hivyo, kilo moja inameza kilojuli 334 kuyeyuka tu na bado iko sifuri, ndio maana soda za kwenye ndoo pale teksi paki zinakaa baridi muda mrefu. Juzi nikamfunikia sufuria, nikatoa nusu ya makaa. Alininunia huyo! Maharagwe yakaiva kwa muda ule ule.

Msomaji wenu, Kampala