Kwa nini kopepodi wa vifaranga huchelewa Juni hadi Agosti

Ndugu wateja wetu mnaonunua kopepodi wa kulisha vifaranga wa kambale, kuanzia Ilemela hadi Magu: kila ifikapo Juni mnatuuliza mbona Machi mzigo ulifika ndani ya siku chache, na sasa tunawaambia msubiri. Hatujapunguza matangi, wala hakuna mteja tunayempendelea. Maji yamepoa.

Kopepodi ni wale vijidudu wanaorukaruka ukiinua glasi ya maji ya bwawa kwenye mwanga. Ni jamaa wa kamba na kaa, na humu Ziwa Victoria dagaa wanawategemea sana. Jike wa aina tunayofuga hubeba vifuko viwili vya mayai, kimoja kila upande wa mkia. Mtoto akianguliwa hafanani kabisa na mama yake. Mpaka akomae hujivua gamba mara 11, na kwa kuwa mwili wake hauna joto la kwake, kila hatua huenda kwa kasi ya joto la maji. Mayai yanayoanguliwa kwa siku mbili hivi kwenye nyuzi 26 huchelewa maji yakishuka hadi 21, na kila gamba nalo huchelewa. Majike wakichelewa kukomaa, kizazi kinachofuata nacho kinasogea mbele.

Hata baharini mambo ni hayo hayo. Kopepodi aitwaye Acartia tonsa kwenye maji ya joto hukomaa kwa wiki mbili hivi, huku mwenzake Calanus finmarchicus wa kaskazini mwa Atlantiki akiweza kumaliza mwaka mzima kwa kizazi kimoja, msimu wa baridi akiupitisha kilindini bila kula.

Huku kwetu, upepo wa kusi wa Juni hadi Agosti hupoza uso wa ziwa na kuchanganya maji ya juu na ya chini. Ziwa ni kubwa, halishuki sana. Tangi lililo wazi uani ndilo linaloumia, maana usiku mmoja tu unatosha kulipoza.

Wengine wanatushauri tuongeze hita. Tunazo, na tunapofika nyuzi 27 tunazizima. Kopepodi aliyelelewa kwenye joto kali hukomaa haraka lakini akiwa mdogo, na jike mdogo hubeba mayai machache. Anahitaji mwani mwingi zaidi, na hewa zaidi, wakati maji yanavyopata joto ndivyo oksijeni inavyopungua ndani yake. Mwanza tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo hata kwenye nyuzi zile zile maji yetu hushika oksijeni kidogo kuliko ya Dar es Salaam. Tangi lililojaa uhai jioni unaweza kulikuta limekufa alfajiri. Afadhali tukucheleweshe kuliko kukuletea mfuko wa maiti.

Kwa hiyo msimu huu agiza wiki mbili kabla, yaani kabla hata hujawachoma kambale wazazi sindano ya kuwafanya watage. Kifaranga wa kambale humaliza kiini chake, yaani akiba ya chakula aliyotoka nayo kwenye yai, kwa siku tatu hivi, na baada ya hapo hawezi kukusubiri wewe wala sisi.

Mzigo ukifika, usiumwage moja kwa moja. Acha mfuko uelee juu ya maji yako kwa dakika 20, kisha ongeza maji ya tangi kidogo kidogo. Kipimajoto kisome alfajiri, kabla jua halijachomoza. Kipimo cha mchana kitakudanganya.