Mvuke wa bafuni utoke nje, usiishie darini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wenye nyumba wa huku Nyanda za Juu Kusini, hasa wanaojenga vyumba vya kupangisha vyenye bafu ndani. Mimi ni fundi umeme mjini Njombe. Baridi ya Juni ikishaanza, napigiwa simu zinazofanana: feni ya bafuni imekufa, njoo ubadilishe. Nikifika naikuta inazunguka vizuri kabisa, ila imefungwa mahali pasipofaa.

Wengi huiweka juu ya mlango kwa sababu waya wa taa uko karibu. Hapo hewa inayopenya chini ya mlango hupanda na kunyonywa palepale, huku mvuke wa upande wa shawa haujaguswa. Feni ikae mbali na mlango, juu karibu na dari, jirani na shawa, ili hewa kavu ipite bafu zima kabla ya kutoka. Iwe ya aina inayostahimili maji, na hata hivyo isirukiwe na shawa moja kwa moja. Chini ya mlango ibaki nafasi ya kama sentimita 1. Wapo wanaoiziba kwa mpira kuzuia baridi, na feni haiwezi kutoa hewa isiyo na pa kuingilia.

Linaloniuma zaidi ni hili. Feni imefungwa kwenye jipsamu, lakini ukipanda darini huoni bomba lolote. Mvuke wote unamwagwa chini ya mabati, na usiku wa Julai bati la Njombe limepoa vibaya. Hewa ya nyuzi 30 iliyoshiba mvuke hubeba takriban gramu 30 za maji katika kila mita moja ya ujazo. Ikipoa hadi nyuzi 10 haibebi hata gramu 10. Maji yanayozidi hugeuka matone chini ya bati, yakadondokea mbao za kenchi na jipsamu. Mwenye nyumba akiona madoa ya kahawia anamwita fundi bati azibe tundu ambalo halipo. Mpangaji naye anasugua kuvu nyeusi kwenye kona, na baada ya muda imerudi. Kama ana mtoto mwenye pumu, kuvu hiyo si jambo dogo.

Dawa yake ni bomba la plastiki la inchi 4 kutoka kwenye feni hadi nje ya ukuta. Liwe fupi, lisiwe na kona nyingi, na liinamie nje kidogo ili maji yanayojikusanya ndani yake yasirudi kwenye mota. Upande wa nje liwekewe kifuniko cha kuzuia upepo na ndege. Bafu likiwa na ukuta wa nje kazi ni rahisi zaidi: toboa ukuta, funga feni hapohapo. Gharama yake haifikii ya kung'oa dari lote na kulifunga upya. Swichi ya feni nayo itenganishwe na ya taa, ili mtu akitoka kuoga aiache izunguke robo saa.

Wenye hita za gesi nawasihi kwa moyo wote: hita hiyo isifungwe bafuni. Feni ikinyonya, inaweza kuurudisha ndani moshi wa hita, na hewa hiyo huua bila harufu.

Nyumba zetu za zamani zilikuwa na matundu ya hewa juu ya dirisha, wazi mwaka mzima. Leo tunafunga madirisha ya aluminiamu na matundu hayo hayajengwi tena. Kwa hiyo nawaomba wahandisi wa halmashauri, wanapokagua ramani kabla ya kutoa kibali cha ujenzi, waulize hewa ya kila bafu inatokea ukuta gani, na mchoro uonyeshe.

Fundi umeme,
Njombe