"Umeniuzia Risasi Fupi": Lalamiko Linalorudi Kila Mwezi

Wiki iliyopita mzee mmoja alipanda basi la alfajiri kutoka Handeni, akatukuta hapa Tanga, kwenye duka letu la risasi, hatujamaliza kufagia baraza. Hakuketi. Alitoa mfukoni ganda jekundu la shotgani, tupu, akalisimamisha juu ya meza ya kioo. Pembeni yake akasimamisha risasi nzima aliyoinunua kwetu mwezi uliotangulia. Ganda tupu lilikuwa limeipita risasi nzima kwa upana wa kidole.

"Haya mwanangu," akasema, "shule sikwenda sana, lakini kupima najua. Hii nyingine imekwenda wapi?"

Shikamoo yangu aliiitikia nusu. Alikuwa na hakika ameibiwa, na kwa aliyekuwa akiyaona pale mezani, hata mimi ningesema hivyo hivyo.

Si yeye wa kwanza. Lalamiko hili tunalipata karibu kila mwezi, hasa nguruwe pori wanapoanza kuingia kwenye mahindi, kwa hiyo nimeona niliandike hapa mara moja. Mdomo wa risasi ya shotgani umekunjwa. Plastiki ya mbele imelazwa ndani mikunjo sita au minane, kama ua lililofumba, ili marisaa, yale madonge madogo ya ndani, yasimwagike. Ukifyatua, ua linafumbuka na ganda linanyooka lote. Ile 70 iliyoandikwa kwenye boksi ni urefu wa ganda likishafumbuka. Risasi nzima ya 70 ukiipima kabla ya kupiga utapata kama milimita 58.

Nilimwuliza mzee kama alikuwa na ganda la risasi zetu alizokwisha kuzipiga. Alikuwa nalo kwenye mkoba. Nikampa kalipa, kile kipimo cha kubana, alipime mwenyewe: 70, sawasawa na lile jekundu. Akanyamaza, akaomba maji ya kunywa, ndipo akaketi.

Huyo alikuja na hasira. Ninaowahofia mimi ni wale wanaokuja wakicheka, wenye neno moja tu: "Imeingia, ndiyo yake."

Chukua risasi ya inchi tatu, ile ya milimita 76. Ikiwa imekunjwa, inaingia bila shida kwenye bunduki ya 70. Mlango unafunga vizuri, hakuna kinachokwaruza. Ukifyatua, mdomo unataka kufumbuka mpaka 76 na nafasi iliyopo ni 70, kwa hiyo plastiki inafumbukia pale mtutu unapoanza kuwa mwembamba, inabana njia, na nguvu ya baruti inapanda. Bunduki ya kisasa inaweza kustahimili mara moja mbili. Zile za mitutu miwili za urithi, ambazo babu aliachiwa na bwana shamba wa mkonge, nyingine zilitengenezwa kwa ganda la 65, yaani inchi mbili na nusu. Hizo hata 70 si zake. Kwenye nyingi utakuta vipimo vimegongwa chini ya mitutu, ukiikunja na kuvua ubao wa mbele. Tunakuvulia sisi. Kazi ya dakika tano.

Geji, yaani namba ya upana wa mtutu, nayo inawachanganya watu kwa sababu inasomwa kinyumenyume: namba ikipanda, mtutu unapungua. Ni hesabu ya zamani ya Waingereza. Ratili moja ya madini ya risasi ukiigawa madonge 12 yaliyo sawa, donge moja linaenea kwenye mtutu wa geji 12, kama milimita 18.5. Ukiigawa madonge 20, donge linakuwa la milimita 15.6. Ile ya .410 haimo kwenye hesabu hii, hiyo ni sehemu ya inchi. Halafu kwenye boksi kuna namba nyingine tena, ya ukubwa wa marisaa. Mtu akiniambia "nipe namba nne" huwa nauliza anawinda kanga au anatania.

Kijana mmoja wa upande wa Pangani alituletea bunduki ya geji 12 "iliyogoma". Risasi hakuzitoa kwetu. Alizipata kwa jirani, za kuokoteza, zimechanganywa kwenye mfuko wa nailoni. Kupeana risasi hivyo ni kosa tayari, lakini tuache hilo kwanza. Humo mlikuwa na moja ya geji 20, ya njano. Geji 20 ikiingizwa kwenye 12 inateleza, inakwenda kunasa mbele, na ukichungulia nyuma unaona chemba, pale risasi inapokaa, kama haina kitu. Kwa bahati alipotaka kutia nyingine mama yake alimwita, akaweka bunduki chini. Angetia ya 12 nyuma ya ile na kufyatua, mtutu ungepasuka pale pale mkono wa kushoto unaposhika. Viwanda vingi hutengeneza geji 20 kwa plastiki ya njano kwa ajili ya ajali hii hii. Aliokoa shilingi elfu kadhaa, akatulipa mara nne yake kuitoa na kuusafisha mtutu, tena akalalamika kuwa sisi ni ghali.

Kwenye raifo, bunduki inayopiga kichwa kimoja badala ya marisaa, mambo ni ya umbo zaidi. Sisi tunapima sehemu tano za ganda kwa desturi: kitako (mwisho wa nyuma), ukingo (duara la kitakoni), bega (pale linapoanza kubana), shingo (panaposhika kichwa) na urefu. Watu wanatutumia picha ya WhatsApp, risasi imelazwa kwenye kiganja. Kiganja cha nani? Cha mvuvi au cha mtoto wa darasa la tano? Piga picha ya kitako, pale palipochongwa maandishi kuzunguka fataki, ile duara ndogo ya katikati inayogongwa, na nyingine ya ubavuni pamoja na rula. Hapo tutazungumza.

Mfano unaotusumbua ni .308 na .30-06. Kichwa ni kile kile, milimita 7.8, na kitako ni kile kile. Ile 06 ni mwaka 1906, nayo .308 ilikuja mwaka 1952. Tofauti iko kwenye ganda: la .308 ni milimita 51, la .30-06 ni 63, na bega la ile fupi limekaa chini zaidi. Ukitia .308 kwenye bunduki ya .30-06 inaweza kuingia na kulegea, kama mguu wa mtoto kwenye kiatu cha baba yake, na ikifyatuka ganda linachanika na moshi wa moto kurudi usoni. Kuna na .270, ambayo mwili wake ni kama wa .30-06 ila shingo imebanwa. Zikiwa mbalimbali unaweza kuapa ni moja.

Za wanyama wakubwa ndizo rahisi kutambua. .375 H&H, iliyotoka mwaka 1912, ina mkanda juu kidogo ya kitako, ganda refu la milimita 72 linalopungua taratibu, na bega lake unalitafuta kwa ukucha. .458 Winchester nayo ina mkanda, lakini imenyooka kama kipande cha bomba, haina bega wala shingo, na ni fupi zaidi. .303 ya Mwingereza haina mkanda, ina ukingo uliotokeza kitakoni. Ukiipitisha kidole gizani unaijua.

Bastola ndiko tunakogombana. Mtu anaingia, anasema "tisa". Tisa ipi? Kuna ganda la milimita 17, la 18 na la 19, na zote watu wanaziita tisa. Ya 19 ndiyo Parabellum. Ya 18 ni Makarov, na kichwa chake ni kinene kidogo, 9.27, kwa hiyo si urefu tu unaotofautiana. Ya 17 kwenye boksi huandikwa .380. Bwana mmoja wa heshima zake alikataa katakata kutuonyesha maandishi ya kwenye bastola, akasema tunamfanya jambazi. Leseni yake iliandikwa "9mm" basi, bila zaidi. Hatukumwuzia. Alitoka akiapa kwenda Dar. Baada ya siku nne akapiga simu, sauti ya chini: ilikuwa Makarov.

Sasa bei, maana najua ndicho mnachosubiri. Ndiyo, tumewazidi wengine kidogo. Hatuuzi risasi za kumwaga kutoka kopo, na mtu akitaka tatu tu tunamkatalia, kwa sababu boksi ndilo linalosema urefu, uzito wa marisaa na toleo la kiwandani. Risasi ikitoka kwenye boksi lake imepoteza cheti cha kuzaliwa. Kila mauzo yanaandikwa kwenye leseni yako na kwenye daftari letu, na polisi wanapokuja kukagua hesabu lazima ifungane mpaka risasi ya mwisho. Muda huo ni pesa. Kupima bila kununua ni elfu tano, na hiyo sipunguzi, hata kwa jamaa. Mjomba wangu amelipa.

Jambo la mwisho ni maganda ya vitani. Kila mtu akichimba msingi wa nyumba Raskazone akapata ganda lililoshika ukoga, analileta kama dhahabu ya Mjerumani. Hatununui. Ila kuangalia tunaangalia, tena kwa furaha. Novemba 1914, Mwingereza alipotuvamia katika Vita Kuu ya Kwanza, askari wengi wa Mjerumani hapa Tanga walikuwa bado na bunduki za mwaka 1871, za baruti ya moshi. Ganda lake ni nene, lenye ukingo, urefu milimita 60, na mdomo wake unapitisha kichwa cha milimita 11. Liking'olewa na tope lake bado unajua si la siku hizi. La Mauser, bunduki ya Mjerumani ya baadaye, ni jembamba, milimita 57, halina ukingo uliotokeza. La .303 lilikuja na jeshi la Mwingereza kutoka India. Lakini usikimbilie kusema .303 ilipigwa na Mwingereza: Waingereza walipokimbilia melini waliacha bunduki kwa mamia na risasi kwa malaki, na Mjerumani akazitumia.

Ukipata iliyo nzima, yenye kichwa na fataki haijagongwa, usiisugue kwa mchanga na ndimu ing'ae kama alivyofanya fundi mmoja wa Chuda, wala usiipakie bodaboda kuniletea. Iache ilipo, waite polisi.

Mkija dukani: leseni, bunduki ikiwa tupu ndani ya mfuko wake, na boksi la zamani kama lipo, hata likiwa limechanika. Ijumaa tunafunga saa sita, tunarudi saa nane.