Mafuta "Yaliyomchoma" Mtoto Hayakuwa Mabaya, Yalipakwa Bila Kuchanganywa

Chupa nyingine imerudishwa dukani kwetu Kibuye, Kisumu, na mama mwenyewe anaamini tulimwibia: mtoto ana ukurutu, amepakwa, amewaka mwekundu. Chupa ni ya mafuta ya mti-chai, mililita 10, na yalipakwa vivyo hivyo bila kuchanganywa. Wengi huifuata hiyo ndogo kwa sababu ile tuliyokwisha kuchanganya, mililita 100 kwa shilingi 650, wanaiona ghali.

Mti huo asili yake ni Australia, hauna undugu na chai ya Kericho, na mafuta yake ni makali. Sisi huweka mililita 1, takriban matone 20, katika mililita 100 za mafuta ya alizeti. Kwa mtoto mchanga hatuweki hata tone. Chupa iliyokaa wazi miezi mingi ni mbaya zaidi, maana mafuta hayo yakishaingiwa na hewa ndipo huleta mzio.

Bei yetu inaliwa na alizeti. Tunakamua bila moto, karibu kilo 4 za mbegu kwa lita moja, na tunatia katika chupa za kahawia kwa kuwa mwanga huchachisha mafuta upesi. Alizeti ya kawaida ina asidi linoleiki kwa wingi, ambayo ngozi huitumia kujenga ukuta wake. Zeituni ina zaidi asidi oleiki, na hiyo huulegeza ukuta huohuo. Mwenye ukurutu akituomba zeituni tunamkatalia, ingawa faida tunayopata kwa kuiuza ni nzuri.

Kosa jingine ni kupaka ngozi iliyokauka. Mafuta hayana maji. Kazi yake ni kufungia yaliyopo. Oga dakika 5 hadi 10 kwa maji vuguvugu, jipanguse kwa kugusagusa taulo, kisha paka kabla ya dakika 3 kupita, ukifuata vinyweleo vinakolalia. Ukipaka kinyume, vinyweleo huota vipele. Kama daktari amekuandikia krimu, itangulie, ngoja nusu saa, ndipo mafuta. Usiikatize krimu hiyo kwa sababu umenunua kwetu.

Soriasisi, ugonjwa wa ngozi wenye mabaka ya magamba, haiponi kwa mafuta, lakini magamba hulainika. Ya kichwani pasha mafuta ya nazi hadi yawe vuguvugu, paka, funga leso usiku kucha, asubuhi chana taratibu. Usibandue kwa kucha: pale ngozi inapojeruhiwa, baka jipya laweza kuota.

Penye majimaji au ukoko wa manjano usipake chochote, nenda zahanati.

Kila chupa kubwa tunaiambatanisha na kichupa cha mililita 5 cha kujaribia. Paka tone ndani ya kiwiko asubuhi na jioni, siku mbili. Pakiwasha au pakiwa pekundu, rudisha ile kubwa ikiwa haijafunguliwa, uchukue pesa yako yote.