Kabla ya andiko la PhD, fungua mafaili 50

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuzungumze na wauguzi, wafamasia, madaktari na maofisa takwimu wanaojiandaa kuomba shahada ya uzamivu katika utafiti wa matokeo ya tiba. Ushauri mwingi kuhusu PhD huhusu ufadhili, barua za wadhamini na namna ya kumpata msimamizi. Hayo ni ya lazima. Lakini katika fani hii tasnifu nyingi hukwama kwingine: mwanafunzi anafika mwaka wa pili ndipo anagundua kwamba matokeo aliyokusudia kuyapima hayakuandikwa popote.

Swali la fani hii ni moja: mgonjwa akishatibiwa, anaishia wapi? Mwaka 1966 Avedis Donabedian, mtafiti wa ubora wa huduma za afya, aligawa ubora wa huduma katika mafungu matatu, yaani mazingira ya kituo, yale anayofanyiwa mgonjwa, na matokeo yake. Mafungu mawili ya kwanza unayaona ukiwa kituoni. La tatu mara nyingi liko nyumbani kwa mgonjwa, na ndilo unaloliombea PhD.

Kwa hiyo tunashauri kazi ya wiki mbili ifanyike kabla ya kuandika hata ukurasa mmoja wa andiko, yaani pendekezo la utafiti. Omba ruhusa kwa mfawidhi wa kituo na uulize kamati ya maadili ya chuo chako inataka nini kwa jaribio dogo kama hili. Chukua rejista ya miaka miwili iliyopita, chagua kwa bahati nasibu wagonjwa 50 wa ugonjwa unaoutaka, kisha nenda masjala ukatafute mafaili yao. Usiwachague wale ambao mafaili yao yako juu ya meza. Hao ndio wanaohudhuria vizuri, na watakudanganya. Kwa kila mgonjwa andika mambo machache: faili limepatikana au la, tarehe ya kwanza na ya mwisho ya kufika, kipimo unachokihitaji kipo au hakipo, dawa na dozi, namba ya simu, na hali yake baada ya miezi 12. Majina usiyabebe, weka namba zako mwenyewe.

Kama mafaili 20 kati ya 50 hayaonekani, tayari umepoteza asilimia 40 kabla ya kuanza, na waliopotea si sawa na waliobaki. Mwingine amehamia kliniki nyingine, mwingine amefariki, mwingine ameshindwa nauli. Ukiwachambua waliobaki tu, kliniki itaonekana nzuri kuliko ilivyo. Sisi tunaona kwamba matokeo yakikosekana kwa zaidi ya theluthi moja ya mafaili, swali libadilishwe, au utengewe muda na fedha za kuwafuata watu kwa simu na kwa miguu.

Utakutana na mambo mengine ambayo hayamo katika vitabu vya takwimu. Mgonjwa mmoja ana namba tatu za faili kwa sababu kadi ilipotea na jina likaandikwa Mwanaidi leo, Mwanaid kesho. Kwenye rejista ya wodi, "ameruhusiwa" inamhesabu aliyepona pamoja na aliyerudishwa nyumbani akafie kwa ndugu zake. Takwimu za MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya, zinazoingizwa kwenye programu ya kompyuta ya DHIS2 ni jumla za mwezi: zitakuambia wangapi walifika, lakini huwezi kumfuata mtu mmoja kutoka Januari hadi Desemba. Anayetaka kumfuata mtu mmoja mmoja atafute hifadhidata inayotunza rekodi za kila mgonjwa, kama CTC2 ya kliniki za VVU, au mfumo wa kompyuta wa hospitali husika.

Kagua pia tarakimu za mwisho. Kwa mashine ya presha ya kidijitali, kipimo kimoja kati ya kumi ndicho kingeishia na sifuri. Kwa ile ya zebaki, inayosomwa kwa namba shufwa, viwili kati ya kumi. Ukikuta sita au saba, mtu alikuwa anakadiria. Si jambo dogo: presha iliyodhibitiwa huhesabiwa kuwa chini ya 140/90, na mgonjwa mwenye 138 akiandikiwa 140 amehamishwa upande wa walioshindwa.

Ukubwa wa sampuli, yaani idadi ya wagonjwa, ndio unaotukera zaidi. Maandiko mengi yana namba 384, hata yanapouliza maswali tofauti kabisa. Namba hiyo inatokana na kukadiria kiwango kimoja cha kundi moja, kwa mfano asilimia ya wenye presha iliyodhibitiwa, kwa kosa la asilimia 5. Tuseme unataka kulinganisha kliniki zenye utaratibu mpya wa dawa na zisizo nao, na unatarajia presha idhibitiwe kwa asilimia 50 upande mmoja na 40 upande wa pili. Ukitaka uwezekano wa asilimia 80 wa kuiona tofauti hiyo, unahitaji wagonjwa wapatao 385 kila upande, jumla 770. Lakini wagonjwa wa kliniki moja hufanana, kwa kuwa wana daktari mmoja na duka moja la dawa. Ukichukua 30 kila kliniki na kufanana huko kukiwa 0.05 (0 ni kutofanana kabisa, 1 ni kufanana kabisa), zidisha kwa 1 + (29 × 0.05), yaani 2.45. Unapata 1,887. Ukitegemea kupoteza asilimia 15, gawanya kwa 0.85: wagonjwa 2,220, kliniki 74. Hiyo si kazi ya mwanafunzi mmoja mwenye pikipiki. Ni heri kuijua hesabu hii mwezi wa kwanza, ukaamua kutumia kiwango chenyewe cha presha badala ya ndiyo au hapana, au kulinganisha wagonjwa walewale kabla na baada, kuliko kuisikia kwa mtahini.

Kwa wanaopima ubora wa maisha, dodoso la EQ-5D lina maswali matano: kutembea, kujihudumia, shughuli za kawaida, maumivu, na wasiwasi au huzuni. Toleo la ngazi tano linatoa hali 3,125 za afya. Kuzigeuza hali hizo kuwa alama moja kunahitaji uzito, yaani thamani ambayo wananchi wenyewe wanaipa kila hali; Ethiopia na Uganda zimeshatoa wa kwao. Ukiazima wa Uingereza, sema wazi kwamba umeazima na urudie hesabu kwa uzito mwingine uone kama jibu linabadilika. Tumia toleo rasmi la Kiswahili, usitafsiri lako usiku. Dodoso la SF-36 kwa asili linauliza kuhusu kusukuma mashine ya kufyonza vumbi na kucheza gofu. Ukimsomea hivyo mama wa Mbagala atajibu kwa adabu, na jibu lake halitakuwa na maana. Na mtu akisema "nina mawazo" hasemi kwamba anafikiri. Hata toleo rasmi lijaribiwe kwa watu wanane hadi kumi wa eneo lako, kila mmoja aeleze kwa maneno yake alivyolielewa swali.

Makosa mawili ya uchambuzi huangusha tasnifu nzuri. La kwanza ni kulinganisha vifo vya hospitali ya rufaa na vya wilaya bila kujali ukali wa ugonjwa. Muhimbili hupokea waliozidiwa. Vifo vingi havithibitishi tiba mbaya. Andika ukali wa ugonjwa siku mgonjwa anapoingia, la sivyo usilinganishe. La pili limejificha zaidi. Unalinganisha wagonjwa waliohudhuria mafunzo kwa miezi sita na wasiohudhuria, ukihesabu uhai tangu siku ya kuandikishwa. Aliyemaliza miezi sita ilibidi awe hai miezi hiyo yote, kwa hiyo mafunzo yataonekana yanaokoa hata kama hayafanyi kitu. Dawa yake ni kuanza kuhesabu mwezi wa sita kwa wote, na kuwaondoa waliofariki kabla ya hapo katika pande zote mbili.

Vibali tusivieleze sana. Kwa Tanzania Bara ni kamati ya maadili ya chuo na NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu), ambako kibali ni cha mwaka mmoja na huhuishwa. Zanzibar ni ZAHRI, taasisi ya utafiti wa afya ya huko. Barua kisha hushuka kutoka TAMISEMI hadi mkoa, halmashauri, Mganga Mkuu wa Wilaya na mfawidhi. Tengea safari hiyo miezi sita. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakugusa pia, na ukitaka kupeleka data kwa msimamizi aliye nje ya nchi, mkataba wa kuhamisha data uwe umesainiwa kwanza.

Ombi letu kwa kurugenzi za masomo ya uzamili na uzamivu ni hili: andiko la utafiti wa matokeo ya tiba lisipokelewe bila ukurasa mmoja wa jaribio la mafaili 50, unaoonyesha mangapi yalitafutwa, mangapi yalipatikana na mangapi yalikuwa na matokeo. Na kila mwanafunzi apewe tangu siku ya kwanza wasimamizi wawili, mmoja anayeujua ugonjwa na mmoja anayeijua takwimu. Mtakwimu anayeitwa data zikiwa zimeshakusanywa hana tena cha kurekebisha.

Wasimamizi wa utafiti wa afya,
Dar es Salaam